Houblon ya Mama wa Lac Vert

Asubuhi moja kule kando ya ziwa la Lac Vert nilimkuta mama mjane aliyelima houblon bondeni, yale maua ya kutia bia uchungu. Mizizi alipewa na padri Mbelgiji. Alichuma ua la ukingoni, akalisugua karibu na sikio. Likalia kama karatasi kavu, likamwachia unga wa manjano vidoleni.

"Yamekomaa, mama," nikasema, nikaanza kushuka.

Akanikamata mkono. "Ngoja kwanza, papa. Angalia chini."

Ndege watatu walilala pale, mabawa wazi, bila damu. Hapakuwa na upepo wala harufu.

"Ni mazuku, hewa nzito inayoua, inalala bondeni kama hakuna upepo. Bwana yangu alishuka asubuhi kama hii. Maua yakikomaa, mutu anasahau kuangalia chini."

Tulingoja mpaka upepo wa ziwa ulipotikisa majani. Hata hapo alitanguliza kuku, kamba mguuni. Kuku alipoanza kupekua udongo, mama akachukua kikapu.

Bia yake niliionja baadaye. Ilikuwa nzuri sana, nami sikuimaliza; kila nilipoinua glasi niliwaona wale ndege.