Pepo Aliyeomba Usingizi

Makueni ya utoto wangu haikuwa na kaburi hata moja. Ardhi ilikuwa mpya, ndiyo kwanza imefyekwa msitu na mbung'o wake, nasi sote tulikuwa wageni tuliogawiwa mashamba upande wa Kathonzweni. Watu walitania kwamba hata aimu, roho za wazee wetu, walibaki kule milimani kwa kuogopa jua la huku. Nami niliamini, kwa hiyo sikuwa na hofu ya kitu chochote isipokuwa nyoka na bwana shamba.

Huyo bwana shamba ndiye aliyekuwa na masharti. Kila familia ilitakiwa ichimbe matuta ya kuzuia udongo kabla ya mvua kuanza, na itakayoshindwa irudi ilikotoka, shamba apewe mwingine. Alikuja akapima mteremko wetu kwa kamba, akapiga vigingi kuanzia juu hadi chini, akaenda zake. Baba alikuwa Mombasa akibeba mizigo bandarini. Alipoondoka alimwambia mama jambo moja tu, kwamba asije akasikia tumerudishwa.

Mama alibaki na jembe moja, watoto watatu na mteremko ule. Majirani walichimba kwa mwethya, yaani kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Lakini mwenye kuita mwethya huwapikia watu, na ghala letu lilikuwa la kulisha panya tu, tena panya mvumilivu. Mama aliona afadhali viganja vyake vipasuke kuliko watu watoke kwake na njaa. Akachimba peke yake, na majirani wakamsifu kwa hilo. Mficha uchi hazai, lakini nani angethubutu kumwambia?

Kwanza alipoteza usingizi. Nilipoamka kukojoa nilimkuta ameketi, macho kwenye mlango, midomo ikihesabu vigingi. Kisha hasira ikaja. Alimchapa mdogo wangu kwa kosa la kucheka. Aliteleka isyo, mahindi na maharagwe, bila kutia maji, chungu kikapasuka naye amekaa pale pale akikitazama. Nywele zilimtoka kwa mafungu na moyo, alisema, ulikuwa ukimkimbia hata akiwa amekaa. Siku moja alirudi kutoka mtoni, mbali kule tulikofukua maji mchangani, na kibuyu mgongoni, kamba imemkaza kipaji na jasho likimtiririka. Tulipokishusha kilikuwa kitupu. Alikuwa amekibeba njia nzima bila kujua.

Baada ya hapo majirani waliacha kumsifu. Wakasema aimu wamemfuata hadi huku, na mmoja wao amempanda. Habari zilimfikia susu, mama yake baba, kule milimani Mbumbuni, naye akaja kwa miguu na wanawake wawili na ngoma za kilumi. Kilumi ni ngoma ya wanawake ya kumchezea aliyepandwa na pepo, mpaka pepo aseme anachotaka. Akishasema, hupewa. Atakayekataa, pepo huhamia kwake.

Walianza jua la alasiri likiwa bado kali, majirani wamekusanyika uani kwetu. Susu alizipiga ngoma zile kwa mikono ya mwanamke wa miaka ishirini, akibadilisha mdundo mmoja baada ya mwingine, akitafuta ule anaoupenda pepo. Mabega ya mama yakaanza kutikisika, akainuka, akacheza kama ambavyo sijapata kumwona, vumbi likapaa hadi kiunoni mwake. Nilimwogopa na kumwonea fahari kwa wakati mmoja. Kisha akasimama, na sauti nzito ikamtoka.

Susu akauliza, "Wewe ni nani, na unataka nini kwa huyu mtoto wetu?"

"Nataka kulala," sauti ikasema. "Huyu mwanamke hanipi usingizi. Mchana analima shamba, usiku analima kichwani. Chimbeni hayo matuta yake, mimi nilale. Na yeye asiguse jembe mpaka mwezi uandame."

Wanawake wakatazamana. Mama Kioko, jirani yetu, akanung'unika kwamba tangu azaliwe hajasikia pepo wa kuitisha matuta, wao huitisha shuka nyekundu na shanga.

"Sasa umesikia," susu akamwambia. "Ni wewe utamkatalia?"

Hakukataa. Kesho yake asubuhi walijaa kwenye mteremko wetu na majembe yao, wakiimba, kila mmoja na uji wake kibuyuni, maana pepo hapikii watu. Mama Kioko ndiye aliyetangulia. Mama alilala hadi mbuzi wakalia zizini, na mimi nikaweka sikio kifuani pake nihakikishe anapumua. Alipumua taratibu, mdomo wazi, kama mtoto. Bwana shamba aliporudi na kamba yake, matuta yote yalikuwa yamesimama na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Hatukurudishwa.

Siku hizi daktari angeuita ule ugonjwa msongo wa mawazo, akamwambia mama apumzike na asaidiwe. Ndivyo pepo alivyosema, tena bila foleni. Mimi ni mtu wa kanisa na sitetei mambo ya aimu, lakini sitakubali mtu awacheke mbele yangu wanawake wale. Walijua mtu anaweza kuzidiwa na maisha, na walijua namna ya kumpokea bila kumwaibisha.

Mama alipozeeka nilimuuliza yule alikuwa pepo au ni yeye.

"Mimi sijui," akasema. "Najua tu kwamba mwaka ule wote maneno hayo yalinikaa kooni, na mimi mwenyewe singeweza kuyatoa."

Wapo wanaomkumbuka kwa mikono yake iliyochimba peke yake bila kumwomba mtu. Mimi najivunia ile siku aliyoomba.