Baiskeli Ambayo Haikuwepo

Wakati ule nilikuwa na karakana ndogo ya kuchomelea vyuma pale Mabatini. Kazi yangu hasa ilikuwa mageti na madirisha, lakini kwenye simu niliwatumia watu picha za vitu ambavyo nilikuwa sijawahi kuvitengeneza. Nilizitoa mtandaoni. Mteja akipenda, akitanguliza nusu ya bei, ndipo nakwenda kununua vyuma. Mafundi wengi niliowajua walifanya hivyo, na sikuona ubaya.

Mama mmoja wa Kisesa aliona picha ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono. Mume wake alikuwa amepooza miguu, na hakupenda kwenda kanisani akiwa amebebwa na wanawe.

"Hii ipo?" aliniuliza kwenye simu.

"Ipo, mama. Imebaki rangi tu."

Alitanguliza siku ile ile. Nilidhani wiki mbili zingetosha, lakini ikaingia kazi ya geti, ikafuata nyingine. Kila alipopiga nilimwambia rangi haijakauka, au umeme umekatika. Hakunigombeza hata mara moja. Alisema tu, "Haya mwanangu, tunasubiri."

Baiskeli ilikamilika baada ya miezi mitatu. Nikampigia, simu haikupokelewa. Nikakodi gari, nikampelekea mwenyewe. Nilikuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa kwenye mikeka. Mzee walikuwa wamemzika juzi yake.

Nilimwamkia yule mama. Akaitika marahaba, akaitazama baiskeli kwa muda mrefu.

"Kila Jumapili alitaka aogeshwe mapema," akasema. "Anavaa shati lake jeupe, anakaa pale mlangoni. Akisikia gari, anauliza kama ni wewe." Kisha akaniuliza kwa upole, "Siku ile ya kwanza niliyokupigia, baiskeli ilikuwa imefika wapi?"

Ningeweza kudanganya tena. "Nilikuwa sijaanza, mama. Hata vyuma nilikuwa sijanunua."

Halafu akasema, "Angejua hivyo, angekubali kubebwa. Wanawe walimbembeleza. Alikataa, akasema baiskeli yake iko tayari."

Hakunifukuza. Aliwaita watoto wake wakaishusha baiskeli, akaagiza nipewe chakula. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa, mbele ya watu ambao hawakujua mimi ni nani.

Bado nachukua malipo ya awali, maana sina mtaji wa kutengeneza kwanza. Ila chini ya kila picha naandika kwamba kitu hicho hakijatengenezwa. Juzi mtu wa Magu aliulizia kitanda cha mgonjwa. Nilipomwambia sijagusa chuma, akaenda kwa fundi mwingine.

Yule mzee sikuwahi kumwona. Lakini nikiwa kanisani, mgonjwa akiingizwa huku ameshikwa mabega, natoka nje na kusimama uani hadi misa iishe. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili. Sijaweza kumwambia.