Aliyepaswa Kukaa Mbele

Mavyaa yake Hingano aliandaa Krismasi ya ukoo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Alipofariki mwezi wa tano, wazee walikaa wakanywa kava yao, kile kinywaji cha mizizi, wakaamua: Krismasi haihami. Itabaki nyumba ile ile, kwa mwanawe Manase, na mwenyeji atakuwa mke wa Manase. Hingano aliitika, "Ndiyo, baba," kisha akazunguka nyuma ya nyumba akaanza kuhesabu kwa vidole. Watu sitini! Tena si watu wa kula na kushukuru. Watu wa visiwa vyetu vya Vava'u, nami nawajua kwa kuwa ni wangu, hutafuna huku wakitazama nani kakaa wapi.

Tuseme haki, Hingano si mvivu. Viazi vikuu alivitoa shambani kwa mikono yake. Majani ya magimbi aliyafunga na nyama ya kopo na tui, kifurushi baada ya kifurushi, mpaka vidole vikakakamaa. Nguruwe walikuwa tisa, mmoja mkubwa, na tanuri la shimoni lilifukiwa alfajiri wakati kengele ya kanisa ikilia. Kwa upande wa chakula hapakuwa na wa kumnyooshea kidole. Ingekuwa chakula tu, nisingekuwa na la kusimulia.

Mumewe Manase ana dada wawili. Mkubwa ni Telesia. Hakuolewa, anaishi nyumba ya mwisho kijijini, anasuka mikeka, na viatu huvivaa kanisani tu. Mdogo ni Kalolaine, ameolewa Auckland, na mwaka huu alishuka na masanduku saba na friji la kugandishia nyama, zawadi ya nyumba. Sasa, kwetu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba shangazi mkubwa ndiye mkubwa. Awe tajiri, awe amevaa matambara, hukaa mbele kwenye mkeka mwororo, mgongo wa nguruwe mkubwa huwekwa kwake, na hakuna mdomo unaofunguka kabla ya wake. Baba mwenye nyumba mbele ya dada yake ni mdogo.

Hingano aliyajua hayo tangu ananyonya. Lakini alikuwa na binti, Meleane, miaka kumi na mitatu, kichwa chepesi kweli kweli, na kijijini masomo yalikuwa yanamwishia. Alimwomba Kalolaine aende naye Auckland. Kalolaine akasema, "Tutaona, wifi." Basi hilo "tutaona" likamkaa Hingano kooni siku tatu nzima.

Siku yenyewe ibada ilipokwisha, Telesia alibaki kanisani kusaidia kufagia, kama kawaida yake. Manase alikuwa nje kwenye tanuri na vijana wake, maana kwetu kaka hakai chumba kimoja na dada zake. Kalolaine akaingia wa kwanza, mkeka mpya umefungwa kiunoni kama tunavyovaa kwa heshima, ananukia. Hingano akamshika mkono akampeleka moja kwa moja mbele.

"He! Wifi, hapa? Na dada je?"

"Dada mwenyewe kasema ukae wewe."

Neno limetoka. Lilitoka laini, wala hakulisukuma. Kalolaine akacheka kama msichana, akakaa, akatandaza sketi yake. Hingano alijiambia Telesia hana makuu, hata hatajali. Tazama mtu anavyojidanganya mchana kweupe!

Watu wakajaa. Mzee Vahai, kaka wa marehemu baba mkwe, ndiye wa kusali, na mzee huyo ulimi wake hauna kufuli. Akafika, akasimama, akatazama mbele.

"Kalolaine, mwanangu, ndege imekuzeesha? Uliondoka mdogo, umerudi mkubwa kuliko dada yako?"

Wengine wakacheka. Kalolaine akaona haya. "Baba, mimi nimeambiwa. Dada mwenyewe kasema."

"Nani kakuambia?"

Kalolaine akamgeukia Hingano, na nyumba nzima ikamgeukia Hingano. Alikuwa ameshika bakuli la maji ya kunawa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee, na ya kwake haikufika hata mlangoni, kwa sababu mlangoni palikuwa na Telesia. Alikuwa ndiyo kwanza anafika, viatu mkononi, vumbi la kanisani kwenye upindo wa gauni.

"Haya, mwenyewe huyu," alisema Mzee Vahai. "Telesia! Ni wewe uliyesema mdogo wako akae mahali pako?"

Telesia alimtazama mdogo wake. Kisha akamtazama Hingano, na wala hakumtazama sana. Hingano alitamani ardhi ipasuke immeze, na bakuli lake, na nguruwe wake tisa. Kama Telesia angesema "la", basi ingekuwa imekwisha. Mume angeshindwa kutembea kijijini, na hata watoto wa Meleane wangekuja kuitwa wajukuu wa yule aliyemtoa shangazi mbele.

"Ndiyo, baba," alisema Telesia. "Ni mimi. Goti linaniuma, nataka kukaa karibu na mlango. Salini basi, watoto wana njaa."

Akakaa mlangoni. Mgongo wa nguruwe ukaenda kwa Kalolaine. Telesia akapata mbavu, kama mtu yeyote.

Watu walikula, jamani, walikula! Walimsifu Hingano mpaka akachoka kusifiwa. "Mavyaa yako amekuachia mkono wake," walisema, na kila sifa ilimchoma. Uso umeumbwa na haya, na wake ulikuwa unawaka. Hakuweza kuutazama mlango. Alipopita kugawa maji alimpa Telesia bakuli akiwa ametazama chini, na Telesia akanawa, akasema, "Asante, wifi." Basi hivyo tu.

Baadaye Kalolaine akamvuta pembeni, macho yamelowa. "Wifi, heshima ya leo sitaisahau. Meleane naondoka naye Januari."

Lile alilolitaka likawa mkononi mwake, naye akalipokea kama mwizi. Akashukuru. Kisha akaingia ndani, akatoa mkeka uliochanika akauvaa kiunoni, akachuma majani ya mti wa ifi akayavaa shingoni. Ndivyo tunavyokwenda kuomba msamaha tunapokuwa tumekosa vibaya. Jua likiwa bado juu, akaenda nyumba ya mwisho, akaketi chini nje ya mlango, kichwa kimeinama.

Telesia alikuwa ndani anasuka. "Nani kakuona ukija hivyo?"

"Hakuna, dada. Nimepita migombani."

"Afadhali. Vua hayo majani uingie."

"Dada, niache niombe. Nimekutoa mahali pako, nikakusingizia."

"Ukiniomba hapo nje, kabla ya giza kijiji kizima kitajua nimesema uongo siku ya Krismasi, tena mbele ya kaka wa baba yangu." Hakuinua macho kutoka kwenye usukaji. "Mimi uongo wako nimeubeba. Na wewe ubebe wangu. Ingia, nimesema."

Hingano akavua majani. Akaingia, hajui mikono aiweke wapi. Telesia akasukuma kwake sahani iliyofunikwa jani la mgomba.

"Kula. Mwenye karamu hapati nafasi ya kula. Mama naye nilikuwa namwekea kila mwaka."

Akafunua. Zilikuwa mbavu zile zile za mlangoni, hazijaguswa.

"Ni kwa ajili ya Meleane, dada," alisema Hingano. "Nilitaka Kalolaine amchukue."

"Najua. Sasa kwa nini hukuja kwangu?" Telesia aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa imeumia. "Mimi ndiye shangazi yake mkubwa. Ningemwambia Kalolaine mchukue mtoto, angekataa vipi? Neno moja tu, wifi. Nilikuwa nangoja uje uniambie."

Hingano akazitazama zile mbavu. Kisha akala, kwa sababu aliambiwa ale, machozi yakidondoka kwenye sahani, na Telesia akaendelea kusuka.