Kofia ya Mwisho Niliiweka Mimi

Mama ndiye aliyegundua. Alikuwa anatafuta ndizi ya kumpa mgeni, kule nyumbani kwetu Kathiani, akakuta moja ina waridi kwenye ganda, limechorwa na majani yake yote. Akaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na nyoka.

"Hii ndizi imefanywa nini?"

Nikamwambia ni mazoezi ya tatoo.

"Mazoezi! Ya kumwita Shetani?"

Woi! Na kumbe nyingine tatu alikuwa ameshazipeleka kwenye maombi ya akina mama bila kuziangalia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaona haya, maana akina mama hao hao ndio walionifundisha kushika kalamu. Mabango yao yote ya kanisa niliyaandika mimi, kwa Kikamba, tangu nikiwa shule ya upili. Bango la kwanza nilisahau kofia, ile alama ndogo inayokaa juu ya u na i, na Mama akanirudisha nilichore lote upya. "Bila kofia hilo si neno," alisema. Tangu siku hiyo mimi na kofia hatuachani.

Mwalimu wangu wa tatoo ana chumba mjini Machakos, juu ya duka la mapazia. Ni Mkikuyu, lakini Machakos ndiyo inayomjua. Mama yake alimleta akiwa mtoto wa mgongoni, akapata kibanda sokoni, akauza viazi hapo mpaka uzeeni. Mwalimu anaongea Kikamba kunishinda, na akikasirika anatukana kwa Kikamba vilevile.

Miezi minne alinikataza kugusa mtu. Nilichora ndizi, nikachora parachichi, nikachora ngozi ya nguruwe kutoka buchari mpaka mikono ikanuka mafuta hata Jumapili. Mimi si mtu wa subira. Siku moja nilimuuliza kama ananifundisha tatoo ama ananiandaa nifungue kibanda cha matunda. Hakukasirika.

"Ndizi haiishi na makosa yako," akasema. "Mtu anaishi nayo."

Sheria yake ilikuwa moja. Mwanafunzi hagusi mteja kabla hajamchora mwalimu mwenyewe, na mwalimu akiinuka kitandani hajaridhika, mwanafunzi anachukua mkoba wake anaenda. Wawili kabla yangu walikuwa wameenda. Mimi sikuwa na pengine pa kwenda, wala sikutaka pengine.

Siku yangu ilipofika aliniambia anataka neno moja tu, nyuma ya mguu, kwenye lile shavu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. "Niandikie kwa Kikuyu, maitũ," akasema. "Mama yangu. Na usisahau kofia."

Mimi? Nisahau kofia? Nilikasirika kimoyomoyo. Nikaketi mezani nikaliandika neno kwa herufi za kulala, zile nzuri za mabango, nikaikagua kofia mara tatu. Nikalinakili kwenye karatasi ya zambarau, nikaibandika mguuni mwake, nikaibandua. Neno likabaki hapo limetulia. Yeye alikuwa amelala kifudifudi, uso kwenye mto, haoni kitu.

"Haya msanii," akasema. "Kumbuka parachichi halina damu. Mimi niko nayo."

Nikanyoosha ngozi kwa mkono wa kushoto kama alivyonifundisha, nikashusha sindano.

Jamani. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Ngozi ya mtu ina joto, na joto hilo linapita kwenye glavu. Vinyweleo ambavyo sikuvinyoa vizuri vilisimama vyote pamoja. Nyuma ya goti mshipa ulikuwa unadunda, tu, tu, tu, na mashine yangu ikawa inaufuata. Nilipopangusa wino wa juu, ule wa chini ulibaki. Nilipangusa tena, ukabaki. Ulikuwa ndani ya mtu, na utakuwa ndani yake akizeeka, akilala, akizikwa, na ni mimi niliyeuweka. Machozi yalinijia na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Nikaendelea, M ikaisha, mstari wake mweusi na safi. Nikaingia herufi ya pili, nayo ikaisha.

Akasema kwenye mto, "Maitũ alikuwa anaogopa sindano, we! Hospitali tulikuwa tunamshika watatu."

Maitũ. Nilisikia mdomo wake ukitoka kwenye m ukaingia kwenye a. Nikatazama mguu. Kati ya m na a nilikuwa nimechora w.

Mwaitũ! Nilikuwa nimeandika mama yangu kwa Kikamba, neno letu, lile lililokuwa kwenye kila bango la akina mama wa Kathiani. Macho yalikuwa yamekodolea kofia, mkono ukaenda zake nyumbani.

Niliinua mashine. Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililofikiria ni kudanganya. Alikuwa haoni. Ile w ingeweza kugeuzwa waridi, na waridi nililijua. Lakini mguu ule ulikuwa umelala mbele yangu bila wasiwasi wowote, na mshipa unadunda vilevile, nikashindwa.

"Mwalimu, nimeandika ya kwetu."

"Ya kwenu vipi?"

"Nimeweka w."

Akatukana, kwa Kikamba, tusi refu. Chini dukani cherehani ilikuwa inashona mapazia. Nikautazama mkoba wangu kwenye msumari. Mguu ukaanza kutetemeka mkononi mwangu na nikajua ni hasira, ameshanifukuza.

"Watoto wote wa soko walikuwa wanamwita hivyo," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kila mtoto aliyepewa kiazi cha kuchoma. Mwaitũ, Mwaitũ. Nilikuwa napigana nao. Nawaambia huyu si wenu, huyu ni wangu."

Nikapangusa wino pembeni mwa herufi.

"Alikuwa mama yao pia," akasema. "Malizia."

"Na hii w?"

"Sasa utaifuta na raba? Malizia, bwana! Na kofia uweke."

Nikamalizia. Sijawahi kufanya kazi yoyote nikiogopa na kufurahi hivyo kwa pamoja. Ilipofika zamu ya kofia, nilishika pumzi, nikaichora kwa mkato mmoja, nikaacha. Akapiga picha kwa simu, akaivuta karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu. Hakusema ni nzuri, hakusema ni mbaya. Nikavua glavu nikaenda kuchukua mkoba.

"Unaenda wapi?"

"Si ulisema..."

"Mguu huu ni wa watoto wa soko," akasema, akalala tena kifudifudi, akaanza kukunja suruali ya mguu wa pili. "Mimi bado sijaandikiwa wangu."

Nikavaa glavu mpya. Safari hii nilimpa kalamu na karatasi, nikamwambia aliandike neno lake mwenyewe, herufi kwa herufi, ili nisikosee. Akaandika pale pale kwenye mto, akanirudishia.

Alikuwa amesahau kofia. Nikaiweka mimi.