Chumba cha Januari

Embu, Januari 1997

Kagendo na wenzangu wa Makutano,

Leo mtu amemwulizia mume wangu kana kwamba yuko hai.

Mnamkumbuka Njeru wangu. Kwenda Malindi wakati wa Krismasi hakutaka kusikia.
"Wacha wenye haraka wajazane. Sisi tutaenda wakishatoka."
Kila mwaka tulingoja Januari. Majirani hapa mtaani Dallas walitucheka sana.

Desemba, kabla ya Krismasi, tulimzika.

Leo asubuhi mwenye duka akaniita, "Mama Wanja, simu yako! Malindi!"
Alikuwa yule mama wa nyumba ya wageni tunakofikia kila mwaka.
"Watu wameisha huku, karibuni. Mzee bado anataka chumba cha dirisha kubwa?"

Nikajibu, "Ndiyo. Tunakuja."

Mwenye duka akaanza kupanga mikate ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Sikupiga tena kumweleza. Ningeanzia wapi?

Miaka yote tulingoja watu wapungue. Hakuniambia kwamba naye angekuwa mmoja wao.

Nitaenda, tena peke yangu, katika chumba hicho hicho.

Jumapili mkiwaombea wasafiri, mnikumbuke.

Mama Wanja