Akina Namnyaki wa Miteremkoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchungaji alinikalisha mbele ya vitabu vya usharika akaniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Nikajigamba kwamba shuleni hakuna aliyenishinda. Akacheka. "Basi andika kama mtu ambaye wajukuu zake watakuja kumtafuta humu." Mafunzo yangu yakaishia hapo. Ninyi makarani wa siku hizi mnasomeshwa miezi na miezi, na mwandiko wenu bado ni wa kuku.

Nilikuwa karani wa usharika kwenye miteremko ya mlima juu ya Tengeru, enzi za Mwingereza. Niliandika ubatizo, ndoa na mazishi. Kwa kila mtoto kulikuwa na jina la ubatizo, na pembeni jina la nyumbani, yaani lile alilopewa na ukoo, pamoja na jina la ukoo wenyewe.

Kazi iliyonikaa moyoni ni ya Raheli, binti aliyelelewa na wamisionari. Baba yake alikwenda vitani hakurudi, mama yake akafia kwenye shamba la kahawa la mzungu. Sasa alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kikatiti, na walipendana mpaka raha kuwaona. Tatizo ni kwamba kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, ni ndugu, na Raheli alijua tu kwamba kwao ni miteremko hii yetu, ukoo wake hakuujua. Wazee wa kijana wakasema ndoa isimame mpaka ujulikane.

Akaniletea picha aliyoachiwa na mama yake. Bibi ameketi, amempakata mtoto mchanga, na nyuma yake wamesimama vijana wanne wenye pua moja.

"Mtoto ni mimi," akasema. "Hawa wengine siwajui, Bwana Karani. Nisipowajua, siolewi."

Nyuma ya picha palikuwa na muhuri wa Mhindi mmoja mpiga picha wa mjini Arusha. Nikamfuata. Mzee wa watu alilitambua pazia lake pichani mara moja, lakini majina ya wateja hakuyaweka. Nikarudi, nikapekua ubatizo wa watoto wa rika la Raheli, wapi! Aliondoka nyumbani kabla hajabatizwa. Nikamwambia Mchungaji kwamba nimeshindwa, na kwa kweli nilikuwa karibu kulia.

Akaniuliza jina la nyumbani la huyo binti. Nikamwambia ni Namnyaki, ndilo pekee alilokumbuka.

"Unamtafuta aliyeondoka," akasema. "Tafuta waliobaki."

Nikaelewa. Kwetu binti wa kwanza huitwa kwa jina la bibi mzaa baba. Kama yule bibi ndiye Namnyaki, na wale vijana ni wanawe, basi kila mmoja wao angemwita binti yake wa kwanza hivyo hivyo. Nikaanza upya, safari hii nikisoma majina ya pembeni. Nikawapata akina Namnyaki watatu, baba zao ndugu wa tumbo moja. Nikatazama ukoo, nikashusha pumzi. Haukuwa wa yule kijana.

Nimestaafu siku nyingi, na watu huniuliza kama kuandika majina ya watu maisha yote hakukunichosha. Kulinichosha sana, mgongo huu ni shahidi. Lakini mimi nilikuwepo siku ile tulipopanda na Raheli hadi kwa yule bibi, na nisingeibadilisha na kazi ya mkuu wa wilaya.

Tulimkuta ameketi nje, macho yameshaingia ukungu, hata picha hakuiona. Raheli akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Namnyaki."

Bibi akakunja uso, akidhani anataniwa. "Namnyaki yupi? Wangu wote wako jikoni wanamenya ndizi."

Raheli akawa analia tu. Bibi akanyoosha mikono, akamshika uso, akaupapasa taratibu mpaka puani. Hapo mikono ikasimama. Akageukia jikoni akaita kwa sauti:

"Wanangu, ongezeni ndizi. Mwenzenu amerudi."