Aliyezaliwa Ng'ambo ya Mpaka

Mume wangu alifia hospitali mjini Sumbawanga, na kesho yake tukampakia kwenye kenta ya kukodi kumpeleka kwao, kijiji kimoja mbele ya Kaengesa, akazikwe karibu na baba yake. Masika yalikuwa hayajakatika. Kijijini walishachimba kaburi tangu alfajiri, na baba mdogo wa mume wangu, ambaye tulikuwa naye garini, alipigiwa simu kila baada ya muda mfupi: wahini, mawingu yamefunga, udongo ukilowa kuta zitameguka. Mimi nilikaa chini, kando ya jeneza, mkono wangu juu ya kifuniko, maana gari lilirukaruka na sikupenda atikisike.

Mtani wetu alikuwa amesimama katikati ya gari akipiga kelele. Ni Msukuma, jirani yetu pale mjini, mtaa wa Chanji, mtu wa ng'ombe. Wazazi wake walihamia huku na mifugo yao akiwa mdogo, na tumezoea kutaniana nao. Kwetu mtu akifa, ndugu wanalia na mtani anafanya kazi yake. Anawatukana wafiwa, anazuia njia, anadai jogoo, anavaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, mpaka mfiwa aliyekataa hata maji acheke. Tangu msiba ulipotokea huyu alikuwa amevaa koti la mume wangu, mikono imemfika kwenye viwiko, na ananiita mke wake.

"Mke wangu, jisogeze ukae vizuri. Huyo wa ndani ya sanduku nafasi yote hiyo ya nini? Alikuwa mchoyo akiwa hai, na leo tena!"

Wanawake wakaguna, wengine wakacheka kwenye khanga zao. Alipoona wamecheka akamgeukia shemeji yangu.

"Na huyu Mzambia nani amempakia? Ugali yeye anaita nshima. Leo akifika kaburini atalia kwa Kizambia, marehemu aulize, nani huyo jamani?"

Shemeji akatabasamu kidogo, akatazama chini. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, na wa tumbo lile alikuwa amebaki yeye peke yake. Baba yao alikuwa Mfipa wa kijiji hicho tulikokuwa tunakwenda. Mama yao aliolewa akitokea upande wa pili wa mpaka, Zambia, siyo mbali, watu wa kule na wa huku huoana siku zote. Na ilikuwa desturi yao kwamba mimba ya kwanza mwanamke anarudi kujifungulia kwa mama yake. Kwa hiyo shemeji alizaliwa kule. Bibi yake akamng'ang'ania, akakaa naye mpaka meno ya utoto yakang'oka, ndipo akaletwa kwa baba yake. Mume wangu, wa pili, alizaliwa huku. Shemeji alikuja akiwa na lafudhi ya kule na haikumtoka mpaka ameota mvi. Sisi tuliichukulia kama kitu cha kumtania tu.

Tulikuta kizuizi kwenye barabara kubwa ya lami, ile inayopitwa na malori yatokayo mpakani. Palikuwa na askari polisi mwenye bunduki na kijana mmoja wa jaketi la kawaida, ofisa wa uhamiaji. Kijana alipoona jeneza akavua kofia.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," akajibu baba mdogo.

"Samahanini, tunakagua. Hatutawachelewesha."

Akapanda kwenye tairi, akachungulia ndani. Hakuuliza kitu kwanza. Alitazama nyuso. Macho yake yakaja kwangu, yakapita. Yakapita wanawake wote, wanakwaya waliotusindikiza, na baba mdogo. Yakafika kwa mtani, mrefu, mwembamba, na fimbo yake ya kuchungia mkononi, yakasimama.

"Wewe. Kitambulisho."

Mtani hakushangaa. Mfugaji akipita kwenye vizuizi vya huku huulizwa kama ni Mrundi au Mnyarwanda, hata akiwa amekwenda kununua chumvi, kwa hiyo yeye kadi yake ya taifa huivaa shingoni kwa kamba, chini ya shati. Akaitoa. Kijana akaigeuza mbele na nyuma, akamuuliza alizaliwa wilaya gani, babu yake alihamia kutoka wapi, ng'ombe wake wako wapi. Mtani akajibu yote. Kadi iliporudishwa alipumua kwa nguvu, na nadhani ile ahueni ndiyo iliyomponza.

"Afande, mmenisumbua bure," akasema. "Mzambia mwenyewe huyo hapo, amekalia tairi la akiba. Mchukueni mumrudishe kwao, tupunguze mzigo!"

Gari zima likacheka. Na mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Kijana hakucheka.

"Nani?"

"Ni utani tu, afande."

"Nimeuliza nani."

Shemeji akanyoosha mkono mwenyewe. "Ananitania mimi, bwana mkubwa."

Maneno hayo machache yalitosha. Niliona jinsi yule kijana alivyoinua kichwa aliposikia lafudhi.

"Shuka chini."

Shemeji akashuka. Kadi hakuwa nayo. Alikuwa amejiandikisha kitambo na kupewa namba, kadi yenyewe haijatoka, na namba ilikuwa kwenye simu iliyozimika chaji. Kijana akasema namba hata yeye anaweza kumwandikia mtu yeyote.

"Afande, nisikilize," mtani akaruka chini. "Mimi ni mtani wao. Hii ndiyo kazi yangu msibani. Naapa kwa mama yangu, huyu ni Mfipa, Mfipa kabisa."

"Sasa hivi umesema ni Mzambia."

"Nilikuwa natania!"

"Najua utani, hata kwetu upo. Huko kwenye utani ndiko watu wanakosema ya kweli."

Mtani akaapa tena. Kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kuonekana anaficha. Baba mdogo akamwambia shemeji kwa Kifipa, upesi upesi, sema umezaliwa hapa.

"Semeni Kiswahili," askari akakemea.

Kijana akamgeukia baba mdogo. "Mzee, shikamoo. Huyu alizaliwa wapi?"

"Marahaba. Hapa hapa. Kijijini kwetu, huko tunakokwenda."

Kijana akamwacha. Halafu akaja upande wangu, akashika ubao wa gari.

"Mama, wewe ndiye mwenye msiba?"

"Ndiyo."

"Sidhani kama leo utanidanganya. Alizaliwa wapi?"

Baba mdogo alinikazia macho. Shemeji hakunitazama. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kifuniko. Mimi shule yangu iliishia la saba, sheria siijui. Nilijua kile nilichoambiwa, basi.

"Alizaliwa ng'ambo," nikasema. "Zambia, kwa bibi yake mzaa mama. Alikuwa mimba ya kwanza, na mama yake alikwenda kwao kujifungua, kama desturi yao. Baba yake ni wa hapa. Amezikwa huko tunakokwenda."

"Umejuaje?"

"Mama mkwe alinieleza mwenyewe, nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza. Alikuwa ananihimiza na mimi niende kwetu."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, bila kupunguza sauti, "Hata mumewe hajazikwa, ameshamuuza shemeji yake."

Kijana akamrudia baba mdogo. "Mzee, mbona umenidanganya?" Kijana akasema kama baba alikuwa raia basi hilo litathibitishwa ofisini, kwa taratibu, na watu wa kushuhudia. Kwa sasa mtu huyu abaki. Sisi tuendelee na maziko.

"Bila yeye hatuendi," baba mdogo akasema. "Nani atampokea?"

Katika ukoo wa mume wangu, jeneza likiteremshwa, aliyetangulia kuzaliwa huingia kaburini akampokea mdogo wake upande wa kichwa. Asipokuwepo wa tumbo moja, mzee wa ukoo humtafuta mwingine, na watu husema marehemu amepokewa na mgeni. Huyo kaka alikuwa amebaki mmoja, na alikuwa amesimama kwenye changarawe mbele ya bunduki. Simu ya baba mdogo ikalia tena. Hakuipokea. Upande wa mashariki palikuwa peusi, na ngurumo zilianza kusikika.

Nikamwita yule kijana. "Mwanangu, hata mimi sina kitambulisho."

"Nini?"

"Kadi yangu iko nyumbani Chanji, ndani ya sanduku la nguo. Sikuibeba. Hukuniuliza."

"Wewe sina haja ya kukuuliza, mama."

"Kwa nini?"

"Unaonekana tu wewe ni wa hapa."

"Huyu uliyemshusha na huyu aliyelala humu ni baba mmoja na mama mmoja. Ukifungua kifuniko utaona sura ni ile ile. Huyu wa humu, angekuwa hai, hakuna ambaye angemshusha."

Sikusema kwa ujeuri. Nilikuwa nataka kujua kweli. Kijana akalitazama jeneza, akaondoa mkono wake kwenye ubao.

"Usinifanyie hivyo, mama," akasema polepole. "Na mimi nimetumwa."

Akaenda pembeni, akapiga simu. Tulimwona akizungumza, akinyamaza, akizungumza tena, mgongo ametugeuzia. Aliporudi alisema askari atapanda nasi. Shemeji atamzika ndugu yake, na pale pale, kabla ya chakula, atarudishwa.

Tukaendelea hivyo, askari amekaa kwenye tairi la akiba na bunduki kati ya magoti, shemeji ameketi miguuni pake. Mtani alikuwa amevua koti la mume wangu. Alilikunja akaliweka mapajani, akawa analishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

Tulifika mvua ikianza kudondoka. Katekista alifupisha sala. Shemeji akavua viatu, akashuka kaburini. Udongo ulikuwa umeanza kumeguka kwenye pembe moja, na vijana wakawa wanaupokea kwa majembe usimwangukie. Jeneza likateremka kwa kamba. Nilisikia sauti yake kule chini akimwambia mdogo wake kitu, kwa lugha ya bibi yao, ile ambayo mtani alisema marehemu hataielewa. Alichelewa kutoka. Askari akasogea mpaka ukingoni, akachungulia, watu wakaanza kutazamana. Niliogopa kwamba atamwamrisha atoke. Hakumwamrisha. Alisimama tu, mvua inamchuruzika kwenye kofia, mpaka mikono miwili ya matope ikashika ukingo na vijana wakamvuta juu.

Shemeji akanawa, akavaa viatu bila kufuta miguu, akaenda kwenye gari kabla hajaitwa. Mimi nikabaki na wanawake. Hakuna aliyekaa karibu nami.

Mjane kwetu hatoki nje ya ua mpaka matanga yaanuliwe. Asubuhi niliwaambia nakwenda mjini kushuhudia. Baba mdogo alisema, "Jana umeshasema ya kutosha." Nikamjibu kwamba jana nilisema yote, lakini iliyosikilizwa kwa makini ni nusu tu. Kama sitakwenda, itakayobaki kwenye karatasi yao ni hiyo nusu ya ng'ambo. Baba mdogo akaingia ndani kuchukua koti lake, na akampitia jirani yake mzee aliyecheza na baba wa shemeji utotoni. Mtani alikuwa anatusubiri barabarani. Njiani aliniuliza kama nimemkasirikia.

"Sitakuambia hukukosea," nikasema.

"Sitatania tena msibani, shemeji." Hakuniita mke wake.

"Utatania. Lakini utazame kwanza nani amesimama karibu."

Ofisini tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Tuliingia mmoja mmoja. Baba mdogo alianza kwa kuomba radhi kwa uongo wake, nilimsikia kupitia mlangoni. Zamu yangu ilipofika alikuwa yule yule kijana, na aliniuliza yale yale, tena na tena, akibadilisha mpangilio kuona kama nitajikwaa. Nikasema kuhusu bibi, mimba ya kwanza, baba, kaburi la baba, na hili la jana lililo kando yake. Akaandika yote. Hakuniambia kama yanasaidia.

Walimtoa shemeji jioni. Hawakusema ni raia na hawakusema si raia. Walisema aripoti kila mwezi mpaka uchunguzi uishe, na asitoke nje ya mkoa. Anaripoti hadi leo.

Tulipotoka getini wazee na mtani walikuwa wametangulia kutafuta usafiri. Shemeji alikuwa bado na matope makavu kwenye magoti. Tukatembea kuelekea Chanji, ambako wangetukuta na gari, kisha akasema:

"Baba mdogo aliposema hapa hapa, mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niitikie."

"Nilikuona."

"Ukaniwahi."

"Nilikuwahi, shemeji."

Akatikisa kichwa. Nilisubiri aseme kama nilifanya vizuri au vibaya, na hakusema. Lori likapita, tukapisha kando ya barabara, yeye upande wa magari, mimi upande wa ndani, tukaendelea kutembea.